Kona ya Walimu: Siku moja ya mtoto wetu kule Hiroshima

  Sisi walimu wa kujitolea tupo. Chaki ni chache, wanafunzi ni wengi, lakini tupo.

Mwezi huu tulipanga kuandika juu ya mitihani. Tumeiacha kwanza, kwa sababu kuna picha imezunguka kwenye simu za watu hapa kambini, na imeleta maneno. Wengi wenu mmeiona. Ni kijana mmoja amesimama kwenye meli ndogo, anacheka, mkononi ana keki. Huyo ni mtoto wa hapa hapa kwetu. Wengine kati yetu tulimfundisha mwaka wa nne wa msingi, akiwa anakaa kwenye tofali kwa sababu madawati hayakutosha. Alipokuwa na miaka 10 aliondoka na shangazi yake kwenda Australia. Sasa ana miaka 17, amepata uraia wa kule, na mwishoni mwa mwezi wa 9 shule yake iliwapeleka Japani kwa safari ya masomo.

Picha ilipofika watu wakaanza. "Huyo ndiye tunaambiwa anasoma? Si anatembea tu!" Mwingine: "Sisi tunapunguziwa unga, yeye anakula keki kwa Wajapani. Ametusahau." Maneno hayo yalimfikia bibi yake pale bombani, mbele ya ndoo za watu. Huyo mama mzee bado yuko nasi hapa, na faili lake bado linasubiri. Siku mbili hakutoka nyumbani. Kilichomuuma si umbea, maana umbea tumeuzoea. Aliogopa kwamba labda watu wanasema kweli.

Basi tukaenda kwake na simu, tukaweka vocha, tukampigia kijana. Tulimwambia: tueleze siku ile ya picha tangu ulipoamka mpaka ulipolala, usiruke kitu. Alituelezea, na mengine akatutumia kwa sauti. Yeye na bibi yake wametukubalia kuyaandika hapa, ila majina tunayaacha.

Saa 11 na nusu alfajiri

Waliamshwa gizani. Walilala chini, kwenye magodoro membamba yaliyotandikwa juu ya mikeka migumu, na hayo si mateso, ndivyo Wajapani wengi walivyolala tangu zamani. Kijana anasema wenzake walilalamika mgongo, yeye akacheka kimoyomoyo. Kila mtu alikunja godoro lake, akaliweka kabatini, akafagia, na mwalimu akapita kukagua. Chakula cha asubuhi kilikuwa wali, kipande cha samaki, yai na supu. Bibi aliposikia wali na samaki asubuhi alisema, "Basi hao ni watu wa ziwani kama sisi."

Kabla ya kutoka waligawanywa makundi ya watu watano. Kila mmoja alikuwa na kazi: mmoja anasoma ramani, mmoja anatunza pesa za kundi, mmoja anahesabu watu kila wanaposhuka na kupanda, mmoja anaandika, na mmoja anaangalia saa. Kijana wetu alipewa saa. Kundi likichelewa, yeye ndiye anayejibu.

Saa 1 na robo wakapanda tramu, yaani treni ndogo inayopita barabarani katikati ya mji. Inafika dakika ile ile iliyoandikwa kituoni. Ukifika dakika mbili baadaye, imeshaenda. Hapa walimu tulitazamana, maana tunajua wanafunzi wetu wanavyofika, na wengine kati yetu pia.

Saa 2 na robo asubuhi

Hapa tuelezane kidogo habari za mji wenyewe, kwa wasiojua. Hiroshima uko Japani upande wa kusini magharibi, kwenye mito mingi inayoingia baharini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1945, saa 2 na robo asubuhi, ndege ya Marekani iliangusha bomu moja la atomiki juu ya mji huo. Lilipasuka likiwa bado angani, kama mita 600 kutoka ardhini. Mjini walikuwemo watu kama 350,000. Inakadiriwa kwamba hadi mwisho wa mwaka ule watu kama 140,000 walikuwa wamekufa, wengine papo hapo, wengine kwa majeraha na kwa mionzi ambayo macho hayaioni.

Karibu na pale bomu lilipopasukia juu yake, kuna jumba moja lililobaki kuta tu na mifupa ya chuma ya kuba. Lilijengwa mwaka 1915 kwa ajili ya maonyesho ya biashara. Wajapani waliamua wasilibomoe wala wasilitengeneze, libaki hivyo hivyo likishuhudia. Kundi la kijana wetu lilisimama mbele yake saa 2 na robo kamili. Yeye ndiye mwenye saa, kwa hiyo yeye ndiye aliyesema "sasa." Wakanyamaza dakika moja. Anasema upande wa pili wa mto watu walikuwa wanapita na baiskeli wakienda kazini, kama asubuhi nyingine yoyote.

Saa 3 hadi saa 5 na nusu

Wakaingia makumbusho. Huko kila mwanafunzi ana karatasi ya maswali na daftari. Simu mfukoni. Huruhusiwi kupita tu ukitazama. Unachagua kitu kimoja, unakaa nacho, unaandika ni cha nani, kimetoka wapi, kimefikaje pale.

Kuna saa zilizosimama wakati ule ule. Kuna baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto mdogo. Kijana wetu alichagua kopo la chakula. Lilikuwa la mvulana wa shule, mwaka wa kwanza wa sekondari. Asubuhi ile maelfu ya wanafunzi walikuwa wametolewa madarasani kwenda kubomoa nyumba, ili moto wa vita usiruke kutoka nyumba hadi nyumba. Mvulana huyo alikuwa mmoja wao. Mama yake ndiye aliyeutafuta mwili, na akaupata pamoja na kopo. Chakula ndani yake kilikuwa bado kipo, kimegeuka mkaa. Hakuwahi kukila.

Kijana alisimama hapo muda mrefu mpaka mwenzake akamvuta shati: wewe ndiye mwenye saa! Alituambia, "Mwalimu, niliwaza mama yule aliamka saa ngapi kupika." Sisi hatukuwa na la kujibu. Bibi ndiye alijibu, "Aliamka mapema."

Swali alilotoka nalo

Sasa tufike kwenye jambo ambalo lilitufanya tuandike. Miezi mitatu kabla ya safari, mwalimu wao alimwambia kila mwanafunzi atafute swali moja la kwenda nalo, na asome kwanza. Kijana wetu aliingia maktaba akasoma juu ya bomu lile, limetengenezwa na nini. Akakuta limetengenezwa kwa madini yanayoitwa urani. Akaendelea kusoma urani hiyo ilitoka wapi, akakuta jina la Kongo.

Ndiyo, ndugu wasomaji. Sehemu kubwa ya urani ambayo Wamarekani waliitumia kwenye kazi ile ya mabomu ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, kule Katanga, karibu na Likasi, wakati nchi yetu iko chini ya Wabelgiji. Mwaka 1940 kampuni ya Wabelgiji ilisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York, zikahifadhiwa ghalani, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Mengine yakafuata baadaye. Waliochimba na kupakia walikuwa baba zetu na babu zetu. Hakuna aliyewaambia jiwe lile ni la nini, wala kwamba linaweza kuwadhuru wenyewe.

Kijana anasema alipoyasoma hayo alifunga kitabu akatoka nje. Amezaliwa na watu waliokimbia vita ambavyo madini yamo ndani yake, na kumbe na moto ule wa mbali nao ulikuwa na jiwe la kwetu. Akaandika swali lake kwenye daftari: "Je, watu wa Hiroshima wanajua jiwe lilitoka wapi?"

Basi saa 5 na nusu waliketi kumsikiliza mama mmoja anayesimulia habari za siku ile. Yeye mwenyewe hakuiona, alizaliwa baadaye. Wale waliookoka wamezeeka sana na wanazidi kupungua, kwa hiyo tangu mwaka 2012 mji wa Hiroshima unafundisha watu wengine wasikilize masimulizi ya wazee hao kwa muda mrefu, wayashike vizuri, ili mzee akiondoka habari zake zisiondoke naye. Chama cha waliookoka, Nihon Hidankyo, kilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2024 kwa kazi hiyo ya kusema na kushuhudia ili mabomu hayo yasitumike tena.

Maswali yalipofika, kijana alisimama. Mikono ilikuwa inatetemeka, anasema. Akajitambulisha kwamba yeye ni Mkongomani, amekulia kambini, anaishi Australia. Akauliza swali lake. Mkalimani akatafsiri. Yule mama akakaa kimya kidogo, akasema amewahi kusikia jina la Kongo lakini hajawahi kukutana na mtu wa kutoka huko. Akatoa daftari lake mwenyewe, akamwomba aandike jina la mgodi, herufi kwa herufi. Kisha akainama kwa heshima, kama wanavyosalimiana kule. Kijana naye akainama. Hakujua afanye nini kingine.

Jamani, huyo ndiye tuliyesema anatembea tu.

Mchana, na ile keki

Saa 7 walikula. Ni chakula cha Hiroshima, okonomiyaki: chapati nyembamba, juu yake kabichi nyingi, nyama kidogo, tambi na yai, vyote vinapikwa mbele yako kwenye bamba la chuma. Nusu saa tu, mwenye saa akawasimamisha.

Wakaenda kwenye mnara wa watoto. Unamkumbuka msichana anayeitwa Sadako Sasaki. Bomu lilipoanguka alikuwa na miaka 2 na hakuonekana kuumia. Alipofika miaka 11 akaugua kansa ya damu, na mwaka 1955 akafa akiwa na miaka 12. Hospitalini alikuwa akikunja korongo wa karatasi, maana Wajapani wanasema ukikunja 1,000 ombi lako linasikilizwa. Karatasi zilikuwa shida, akakunja mpaka karatasi za kufungia dawa. Baada ya kifo chake wanafunzi wenzake walianza kuchanga, na mnara ukafunguliwa mwaka 1958. Watoto wa nchi nyingi hupeleka korongo zao pale. Kundi la kijana wetu lilipeleka korongo walizokunja shuleni, na zake mwenyewe zilikuwa 40.

Baada ya hapo tena tramu, halafu meli ndogo ya dakika kama 10 kwenda kisiwa cha Miyajima. Kule kuna hekalu la zamani na lango kubwa jekundu lililosimama ndani ya bahari. Maji yakijaa linaonekana kama linaelea, maji yakitoka unalifikia kwa miguu. Kazi yao ilikuwa kulichora na kuandika linasimamaje bila kuanguka. Jibu: halikuchimbiwa chini, limesimama kwa uzito wake lenyewe. Kisiwani swala wanatembea kati ya watu bila woga, na mmoja wao alikula ramani ya kundi! Msoma ramani alibaki na kipande kama cha kiganja. Hapo ndipo walicheka sana, wakanunua keki ndogo za pale zenye maharage matamu ndani, na wakati wa kurudi mwenzake akampiga ile picha melini.

Kwa hiyo picha mnayoijua ni ya kama saa 10 na nusu, siku iliyoanza alfajiri.

Usiku

Walirudi, wakaoga kwenye bafu la pamoja, wavulana kwao na wasichana kwao, jambo lililowatia aibu Waaustralia kuliko yeye. Wakala. Kisha kila mtu kurasa mbili za daftari, hakuna kulala bila kurasa mbili. Saa 4 usiku taa zikazimwa. Na pesa ya safari, mkitaka kujua, alifanya kazi ya kupanga bidhaa dukani kila Jumamosi kwa mwaka mzima, na shule ikaongeza.

Swali la bibi

Alipomaliza kutueleza, tulimuuliza bibi kama ana neno. Alishika simu kwa mikono miwili akauliza: "Ule mji uliungua wote. Watu wake walirudi?"

Kijana akasema walirudi, bibi. Siku ya tatu tu baada ya bomu tramu ilianza kutembea tena kwenye kipande kimoja cha njia. Watu walijenga vibanda vya mabati yaliyoungua. Wengine walisema hapataota kitu miaka 75, lakini majani yaliota, na miti mingine iliyoungua ilichipua na iko mpaka leo, zaidi ya 150, kila mmoja umewekewa kibao. Sasa mji una watu zaidi ya milioni 1.

Bibi akanyamaza. Akasema, "Wao moto ulizimika ndipo wakarudi. Sisi kwetu bado unawaka." Hapo hata sisi tuliangalia chini.

Lakini kijana hakuishia hapo. Akasema, "Bibi, mimi nimeandika habari za mama wa Hiroshima ambaye simjui. Za kwako sijaandika hata mstari mmoja. Tulivuka ziwa usiku gani? Nani alikuwa kwenye mtumbwi?" Mama yule alianza kusema. Vocha iliisha, tukaongeza, ikaisha tena. Tuliosikia hatutayaandika hapa, ni ya kwake na mjukuu wake. Tunasema tu kwamba kesho yake alitoka, akaenda bombani na ndoo yake, na alipoulizwa akajibu, "Mjukuu wangu anafanya kazi."

Tunawaomba nini, wazazi

Tunajua hakuna atakayetuletea basi la kupeleka darasa letu Japani. Hata kutoka kambini kwenda mjini ni mpaka kibali. Lakini safari ya masomo tumeona ni nini: ni kwenda na swali, kusikiliza, kuandika, na kuangalia saa. Hayo yote yanawezekana kutoka nyumba hadi nyumba.

Kwa hiyo kazi ya mwezi huu ni hii. Kila mwanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita aende kwa mzee mmoja, wa kwake au wa jirani, na swali moja tu. Aende saa waliyopatana, asichelewe. Aandike ukurasa mmoja. Mzee akikataa kueleza, asilazimishwe. Kuna mambo mtu hayasemi, na mtoto ajifunze hilo pia. Akikubali, wazazi tunawaomba mwacheni mtoto saa hiyo moja, kuni na maji vimsubiri kidogo. Wasichana vilevile. Wazee wetu nao wanazidi kupungua, na sisi hatuna makumbusho.

Asiye na daftari afike darasani, tuna karatasi za mitihani ya zamani ambazo upande mmoja ni mweupe. Zitakazobaki tutakunja korongo. Kijana ametutumia maelezo, tumejaribu sisi walimu, wa kwanza alifanana na kuku.

Mitihani tutaiandika mwezi ujao, Mungu akipenda. Mbaki na amani.

Wenu, walimu wa kujitolea